BIASHARA YA NYUMBANI NI MALI YA NANI?

Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambini Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Imechapwa kwa ombi la Kamati ya Jamii.



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kujitegemea. Nimeona nisirudie maneno ambayo tumeshayasikia mara nyingi, kwamba tufanye kazi, tusikae tu kungoja mgao. Kazi watu wanafanya. Tangu mwaka 2023, mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi na wengi wetu tukapunguziwa, nani hapa hafanyi kazi? Ukipita vijijini asubuhi unasikia cherehani, unasikia harufu ya mandazi, unaona sabuni imeanikwa juu ya mbao. Swali langu la leo ni lingine. Hiyo biashara iliyo ndani ya nyumba yako, ni ya nani? Ni ya baba? Ni ya mama? Ni ya ndugu wawili? Na huyo mwenyewe akiondoka, itabaki kwa nani?

Ndugu zangu, mimi si mwanasheria. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jioni nafundisha watu wazima kusoma. Lakini kwa kuwa najua kuandika, kila juma huletwa mezani kwangu karatasi: mtu anataka barua ya mkopo, mwingine anataka aandikiwe malalamiko kwa kamati. Katika malalamiko hayo mengi yanafanana, na nitawaeleza mojawapo bila kutaja mtu.

Palikuwa na mume na mke, walikuwa mafundi wa kushona. Cherehani ya kwanza mke aliipata kwa pesa za likelemba, ile ambayo ndugu zetu Wanyarwanda huiita ikimina. Cherehani ya pili ilinunuliwa kwa faida ya ile ya kwanza. Risiti zote mbili ziliandikwa jina la mume, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda Mbarara kununua. Laini ya simu ya kupokea pesa ilikuwa ya mume. Mume akafariki. Kabla ya siku arobaini shemeji akaja, akasema: mali ya kaka yangu ni ya ukoo. Akachukua cherehani zote mbili, na risiti anazo mkononi. Mjane akaja mbele ya wazee akasema: ni jasho langu. Wazee wakamwuliza: una ushahidi gani? Hakuwa nao. Majirani walisema waliona akishona. Lakini kumwona mtu akishona si ushahidi kwamba cherehani ni yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Wengi tukisikia maneno kama usajili, ubia, kampuni, tunafikiri ni mambo ya matajiri wa Kampala. Kumbe ni mambo ya mjane na shemeji yake.

HAKI TULIYO NAYO

Kwanza tujue tunasimama wapi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kulima, ya kufanya kazi za mikono, viwanda na biashara, na hata ya kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria za nchi. Nchi nyingi haziwapi wakimbizi haki hiyo. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mkimbizi hawezi kuandikisha biashara.

Lakini kuna jambo la pili. Kiwanja tulichopewa ni cha kutumia. Hatuna ruhusa ya kukiuza wala kukikodisha. Maana yake, aliye na duka la nyumbani hapa Nakivale hawezi kumwambia mkopeshaji: chukua hati ya kiwanja changu iwe dhamana. Mali yetu ni ile inayohamishika: cherehani, mashine ya kusaga, friji, ng'ombe, bidhaa. Na mali inayohamishika ndiyo inayochukuliwa kwa urahisi, na shemeji, na mdai, na mwizi. Ndiyo maana karatasi zina faida kubwa kwetu kuliko kwa mtu mwenye shamba lake.

NJIA NNE

Sheria za nchi hii zinatupa njia nyingi za kuendesha biashara, lakini kwa biashara ya nyumbani nitataja nne.

Njia ya kwanza ni biashara ya mtu mmoja. Wengi wetu tumo humo bila kujua. Unakaanga mandazi, unauza, basi wewe ni mfanya biashara wa peke yako. Ukitaka kutumia jina lisilo lako, kwa mfano "Amani Ushonaji", unaliandikisha katika ofisi ya serikali ya usajili, URSB. Faida yake ni wepesi: karatasi ni chache, gharama ni ndogo, na uamuzi ni wako. Lakini sikilizeni vizuri. Kuandikisha jina hakutenganishi mali ya biashara na mali yako. Biashara ikidaiwa, wewe unadaiwa, na kilicho chako chote kinaweza kutazamwa na mdai. Na jambo lingine ni kwamba mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye biashara. Ikiwa mke anashona kutwa na jina ni la mume peke yake, machoni pa karatasi mke ni msaidizi tu. Sisemi waume ni wabaya. Nasema karatasi haina macho ya kuona nani alikesha.

Njia ya pili ni ubia, yaani watu wawili au zaidi kufanya biashara pamoja na kugawana faida. Mume na mke wanaweza kuwa wabia. Ndugu wawili wanaweza. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: ubia unaweza kuwapo hata bila kuandikiana. Mkiweka pesa pamoja, mkafanya kazi pamoja, mkagawana faida, sheria inaweza kusema ninyi ni wabia. Na kama hamkuandikiana, Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 inawagawia faida sawa kwa sawa, na hasara pia sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta pesa nyingi na mwingine kidogo.

Tena mbia mmoja huwafunga wenzake. Tuseme kaka na mdogo wake wana mashine ya kusaga. Kaka anakwenda mjini, anachukua dizeli na vipuri kwa mkopo, halafu anapotea. Mwenye duka atakuja kwa nani? Atakuja kwa mdogo mtu. Hawezi kujitetea kwamba hakuwapo siku ile. Dizeli ilichukuliwa kwa kazi ya biashara yao, na deni la ubia ni deni la wabia wote. Halafu, mbia mmoja akifa, ubia huvunjika, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Kwa hiyo ubia ni njia nzuri ya familia, lakini ubia usioandikwa ni kisu kisicho na mpini.

Njia ya tatu ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Hapa nitawapa hadithi ya kweli, maana wanafunzi wangu wa jioni waliipenda. Zamani kule London alikuwako mtu akiitwa Aron Salomon, mwenye kazi ya ngozi na viatu. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa saba. Akawaweka yeye mwenyewe, mke wake, binti yake na wana wake wanne. Wale sita walikuwa na hisa moja moja, naye alikuwa na hisa 20,001. Kampuni ikaanguka, ikashindwa kulipa madeni. Waliodai wakasema: kampuni gani hii? Huyu ni Salomon tu aliyevaa koti jingine! Kesi ilifika mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1896 ikaamuliwa kwamba kampuni iliyosajiliwa kwa haki ni mtu wa pekee mbele ya sheria. Deni la kampuni si deni la Salomon. Sheria za kampuni za Uganda zimetoka katika mti huo huo, na tangu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 hata mtu mmoja anaweza kuwa na kampuni peke yake.

Basi mtu atasema: mwalimu, twende wote tukaandikishe kampuni! Ngojeni kwanza. Kampuni ni mtu, na mtu hulishwa. Kila mwaka lazima upeleke taarifa yake kwa msajili, utunze vitabu vya hesabu, utenge pesa zake na pesa zako. Ukitoa pesa za kampuni kununua unga wa nyumbani kama unavyotoa mfukoni, umebomoa ukuta wako mwenyewe. Tena mkopeshaji akiona kampuni ndogo isiyo na mali, humwambia mwenyewe atie sahihi kama mdhamini. Ukishatia sahihi hiyo, ukuta wa Salomon haukukingi tena kwa deni lile. Kwa jiko la mandazi kampuni ni mzigo. Kwa familia yenye mashine kubwa, wafanyakazi, na zabuni za mashirika, hapo inafaa kufikiriwa.

Njia ya nne ni kikundi au ushirika. Kikundi cha jamii huandikishwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Ushirika una sheria yake, na huhitaji watu 30 wa kuanzisha, kila mmoja na kura moja. Ni njia nzuri kwa wakulima, kwa wenye akiba na mikopo. Lakini si njia ya familia moja. Na hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba radhi nikisema wazi. Sote tunajua kwamba misaada mingi hutolewa kwa vikundi. Kwa hiyo familia inakusanya majina ya majirani, inaandika kikundi, inapata mashine, na mashine inakaa sebuleni kwa mtu mmoja. Mwaka wa kwanza ni kicheko. Mwaka wa pili majirani wanasema: jina langu limo, fungu langu liko wapi? Nao wana haki, jina limo. Mali ya kikundi ni ya kikundi. Asiyetaka kugawana asiandike kikundi.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Tutachaguaje basi? Nawashauri jioni moja, baada ya kula, wakubwa wa nyumba wakae, waulizane maswali manne, na mmoja aandike majibu.

La kwanza: nani ameleta nini? Pesa, mashine, ujuzi, na siku za kazi. Kazi ya mama ihesabiwe, isiitwe msaada.

La pili: deni likija, nani atalipa, na kwa mali ipi? Biashara isiyokopa haina haja ya ukuta mkubwa. Biashara inayochukua bidhaa za mamilioni kwa mkopo inauhitaji.

La tatu: nani ana ruhusa ya kukopa na kutia sahihi kwa niaba ya wote?

La nne, na kwetu wakimbizi ndilo kubwa kuliko yote: mmoja akiondoka itakuwaje? Wengine wanapodhani kuondoka ni kifo tu, sisi tunajua kuondoka kwa aina nyingi. Kuna kifo, kuna talaka, kuna kurudi nyumbani, kuna kupelekwa nchi ya tatu. Safari ya nchi ya tatu ikifika, mtu huondoka na begi moja. Anamwambia mpwa wake: endelea na duka. Amempa? Amemkopesha? Amemwachia kwa kulindia? Baada ya miaka miwili anapiga simu kutoka Marekani anaulizia faida yake, na mpwa anasema: si ulinipa? Udugu unakufa kwa simu moja.

Ukishajibu hayo, njia itajionyesha. Mama anayefanya kazi peke yake na mtaji wake mwenyewe: biashara ya mtu mmoja, kwa jina lake, si la mume wala la mtoto wa kiume. Mume na mke au ndugu wanaochangia: ubia wa kuandikwa. Biashara iliyokua, yenye deni na zabuni: waulize habari za kampuni. Majirani wengi wenye nia moja: kikundi au ushirika.

KARATASI YA FAMILIA

Hata asiyeweza kwenda mjini mwaka huu anaweza kuanza nyumbani. Chukueni karatasi, mwandike mambo haya:

1. Jina la biashara, mahali ilipo, na tarehe mliyokubaliana.
2. Majina ya wenye biashara, kama yalivyo kwenye kadi za wakimbizi, herufi kwa herufi.
3. Kila mmoja ameleta nini, na fungu lake ni kiasi gani.
4. Orodha ya vyombo, pamoja na namba iliyochongwa kwenye mashine.
5. Nani anashika pesa, laini ya simu ya biashara ni ya jina la nani, na kiasi gani hakiwezi kutolewa bila wawili kukubali.
6. Faida itagawanywa lini, na kiasi gani kitabaki kwenye mtaji.
7. Mmoja akifa au akiondoka, fungu lake litapewa nani, na litalipwa kwa muda gani.

Isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha wanayoielewa, kisha watie sahihi au dole gumba. Mashahidi wawili wasio wa familia, na kiongozi wa kijiji awe mmoja wao. Nakala tatu: moja kwa kila upande, moja mahali pengine salama. Karatasi hii si sawa na usajili. Lakini yule mjane niliyemtaja angekuwa nayo, wazee wangejua la kuamua.

Nawaomba jambo moja kama mwalimu. Mtoto asitiwe sahihi yoyote katika karatasi hiyo. Aliye chini ya miaka 18 si mbia, wala si kibarua wa kufunga duka wakati wenzake wako darasani. Asaidie baada ya shule, hilo tumelelewa nalo wote. Lakini biashara inayokula masomo ya mtoto inakula mtaji wake yenyewe.

DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitawaonyesha kwa hesabu ya darasa la sita.

Mama mmoja anauza mandazi na chai ya shilingi 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni siku 312, mauzo yake ni shilingi 7,800,000. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020, mfanya biashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 10 kwa mwaka halipi kodi ile ya mapato. Mwenzake anauza shilingi 40,000 kwa siku. Mauzo yake ni shilingi 12,480,000, amevuka milioni 10. Kama hana daftari, atatozwa shilingi 80,000. Kama anayo hesabu iliyoandikwa, atalipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani asilimia 0.4 ya 2,480,000, ambayo ni shilingi 9,920. Mtu yule yule, jiko lile lile. Tofauti ni shilingi 70,080, na imeletwa na daftari tu. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo kila Julai ulizeni ofisi ya mapato. Leseni ya biashara ya serikali ya mtaa ni jambo jingine. Hiyo muulize katika ofisi ya kaunti ndogo, na mdai risiti kila mnapolipa.

Tena daftari ni shahidi kwa mkopeshaji. Tangu mwaka 2019 nchi hii ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuandikishwa kama dhamana ya mkopo. Cherehani yako inaweza kukusaidia kupata mtaji. Lakini mkopeshaji atataka kujua ni yako kweli. Risiti iko kwa jina la nani? Tumerudi pale pale.

KWA WAFANYAKAZI WA MASHIRIKA

Kabla sijamaliza, nina maombi mawili kwa wageni wetu. Mnapotangaza zabuni ya sare za shule au ya sabuni, andikeni wazi ni karatasi ipi mnayohitaji, na muiandike kwa Kiswahili pia. Kama jina la biashara lililosajiliwa na namba ya mlipa kodi vinatosha, semeni vinatosha, ili fundi asitumie akiba yake yote kutafuta kampuni asiyoihitaji. La pili, mnapotoa vyombo vya kazi, andikeni jina la yule anayefanya kazi, si la mkuu wa kaya kwa sababu tu ndiye wa kwanza kwenye orodha. Mkono wenu unaweza kumaliza kesi kabla haijazaliwa.

MWISHO

Ndugu zangu, kambi hii ilifunguliwa mwaka 1958, kwa ajili ya ndugu waliotoka Rwanda. Wapo waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Hatujui sisi tutakaa muda gani. Lakini mtu asiseme: mimi ni mpita njia, karatasi za nini? Mpita njia ndiye anayehitaji karatasi kuliko mwenyeji, kwa sababu mwenyeji anajulikana na ukoo wake na mipaka ya shamba lake, na sisi mashahidi wetu wametawanyika.

Wengine wataona aibu. Watasema: kumwandikisha ndugu yangu ni kumshuku. La. Tunaandika tukiwa tunapendana, ili siku ya ugomvi pawepo na kitu kilichoandikwa na watu waliopendana. Anayengoja ugomvi ndipo aandike, ataandika malalamiko.

Jumamosi zote mbili zijazo, kuanzia saa nane mchana, nitakuwa darasani kwangu. Atakayekuja na daftari na kalamu, pamoja na wenzake wa nyumbani, tutaandika naye bure. Msije mmoja mmoja. Njooni wote mnaohusika, maana karatasi ya familia haiandikwi na mtu mmoja.